Mwaka Nilioacha Kumwagilia Mawe

Juma lililopita mjukuu wangu Kabula, ambaye ndiye anayeandika maneno haya kwa kuwa mimi sikuwahi kukaa darasani, alipokea simu yangu nikiwa nanawa mikono, akasikiliza, kisha akaniletea huku ameiziba kwa kiganja. Aliniambia kwamba ni binti wa Mhandisi Kamugisha, anapiga kutoka Bukoba, na kwamba baba yake amefariki. Niliongea na binti huyo kama inavyopasa. Nilimpa pole, nikauliza siku ya mazishi, nikaeleza kwa nini miguu yangu haitafika. Kabla ya kuagana alisema kwamba katika historia ya marehemu itakayosomwa kanisani wametaja kituo chetu cha redio cha Mwanza, ambako baba yake alikuwa mkuu wa kwanza wa ufundi. Hapo, katika umri wangu huu, na mwenyewe akiwa bado hajazikwa, nilihisi kitu ambacho hakikuwa huzuni. Nilitaka kumwambia binti yule kwamba wa kwanza nilikuwa mimi. Nilimuaga, nikarudi mezani, na ugali ukanishinda.

Ndipo nikamwambia Kabula akae, aandike kama ninavyosema, asipambe, wala asinionee huruma. Aliniuliza, "Babu, tuanzie ulikozaliwa?" Nikamjibu kwamba nilikozaliwa hakuhusiki. Jambo lenyewe lilichukua mwaka mmoja tu, na nililitenda mwenyewe nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, serikali ilipokwisha kuruhusu watu binafsi kumiliki vituo vya redio na televisheni. Mwanza ilikuwa inabadilika mbele ya macho yetu. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikifunguliwa kando ya ziwa, maduka ambayo rafu zake tulizizoea tupu yalijaa redio za kaseti, na mimi, fundi redio mwenye kibanda kimoja pale Buzuruga, nilikuwa na kazi nyingi kuliko mikono. Bwana Saleh, mfanyabiashara aliyepata kununua pamba kutoka Magu kabla ya kuhamia kwenye samaki, aliniletea redio yake ya mezani iliyokuwa imewashinda mafundi watatu. Niliitengeneza akiwa amesimama palepale. Aliniuliza nilisomea wapi ufundi. Nikamwambia sikusoma popote, nilianza kwa kusuka upya nyaya za transfoma za redio za watu na mengine niliyapata kwa kusikiliza. Alicheka sana, akasema anataka kufungua kituo cha redio, na kwamba mtu anayetambua ugonjwa wa chombo kwa sikio ndiye anayemtafuta. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkuu wa ufundi wa kituo cha redio, nikiwa siwezi kuandika jina langu.

Ofisi zetu zilikuwa ghorofa ya pili katika jengo la nyuma ya soko. Studio tuliizuia mwangwi kwa trei za mayai tulizogundisha ukutani na magodoro mawili yaliyofunikwa kitenge, na mtangazaji alipofunga mlango alitoka jasho kama mtu aliye kwenye tanuri. Mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa mbali, juu ya kilima cha mawe upande wa Butimba, katika chumba kidogo cha matofali chini ya mnara. Chumba kile nilikijenga kichwani kabla hakijajengwa kwa matofali. Kila swichi niliifunga uzi wa rangi yake, kila kitufe cha kuzungusha nilikitia alama kwa ncha ya msumari, nami niliweza kuingia nimefumba macho nikajua kwa mvumo wa feni kama mtambo una afya. Kazi iliyonipa heshima zaidi, hata hivyo, haikuonekana. Kila mnara unahitaji waya unaoshuka ardhini ili radi ikipiga ipite huko na kuzama. Mawe ya Mwanza hayapokei kitu. Chuma ukikipigilia kinapinda. Nilitafuta ufa mpana kati ya majabali mawili, nikachimba humo shimo la kimo cha mtu, nikalaza bamba la shaba, nikalijaza mkaa na chumvi ya mawe, nikafukia. Shimo la namna hiyo hufanya kazi likiwa na unyevu. Wakati wa masika mvua inalitosha. Kiangazi kikiingia nilibeba ndoo mbili kila jioni kutoka bomba lililokuwa chini ya kilima, nikalinywesha. Hakuna aliyeniamuru, na sikumweleza mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mchana tulikula katika ukumbi mdogo wa ofisi. Mama Wande, aliyetupikia, alileta sufuria mbili: moja ya ugali wa muhogo, nyingine ya sato wa mchuzi, na asubuhi michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, na chai. Kichwa cha samaki kilikuwa changu. Halikuwa jambo la kujadiliwa; alikiweka pembeni ya sahani kabla hajamgawia mtu mwingine, akisema mkuu hula kichwa ili akili isiishe. Ninayasema haya madogo kwa sababu wivu haukunijia kupitia mlango mkubwa. Ulinijia kupitia sahani.

Siku moja mwezi wa tatu nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya ukuta wa plaiwudi uliotenga ofisi ya Bwana Saleh, nikiunganisha waya wa spika. Alikuwa na mgeni kutoka Dar es Salaam aliyekuwa akimsaidia maombi ya leseni ya televisheni. Mgeni alisema fomu inataka jina na cheti cha mkuu wa ufundi. Nikamsikia Bwana Saleh akisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia gari zuri lisilo na namba: "Masanja ni dhahabu, lakini dhahabu hiyo siwezi kuionyesha kwa watu." Nilimaliza kuunganisha ule waya. Lakini tangu saa ile nilikuwa namchukia mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Alikuja mwezi uliofuata, mvua ikinyesha. Kamugisha alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama mitano, mwembamba, mwenye kalamu mbili katika mfuko wa shati na diploma kutoka nje ya nchi. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu wa maringo, kwa kuwa watu wa kwao Bukoba tuliwatania kwa maringo, naye akanikosesha hata hilo. Alinisalimu kwa mikono miwili. Aliniita kaka. Mama Wande alimpokea kwa kumwambia kwamba hapa hakuna ndizi, kwa hiyo akonde taratibu asije akatutia aibu. Kamugisha akamjibu kwamba amekuja kuposa ugali, ndizi atamwachia mama yake. Ukumbi mzima ulicheka. Siku ile, kwa heshima ya mgeni, kichwa cha sato kilikwenda kwake. Siku ya pili pia kilikwenda kwake. Siku ya tatu Mama Wande hakunitazama hata machoni, nami nikala mkia kama mtu asiye na neno.

Bwana Saleh aliniita, akaniambia kwamba Kamugisha sasa ndiye mkuu wa ufundi, kwamba mshahara wangu haupungui na kwamba cheo ni karatasi tu. Kama cheo kingekuwa karatasi tu, asingefunga mlango wakati wa kuniambia. Sikutaka mshahara. Nilitaka kiti changu, na mtu aliyekikalia alikuwa anakifaa. Hilo ndilo lililonitesa. Alijua ninayoyajua, na pia alijua majina yake ya vitabuni. Alipanda kilimani na kipimo cha ardhi, akapima waya wangu wa kwenye majabali, akatikisa kichwa kwa mshangao, akaniambia kwamba hajaona waya wa ardhi uliofanywa vizuri namna ile juu ya mawe. Aliandika namba katika faili, akatia sahihi. Ardhi ilikuwa imelowa mvua za wiki nne. Nilijua kwamba anapima mvua, hapimi shimo. Niliipokea sifa yake, nikanyamaza, nikijiambia kwamba nitamweleza kiangazi kikikaribia.

Kisha akaanza kubandika karatasi. Kwa kazi ya televisheni walihitajika vijana wengine wawili wa ufundi, na Kamugisha aliona kwamba hawawezi kujifunza nyuzi zangu za rangi, kwa hiyo akaandika lebo ndogo nadhifu chini ya kila swichi. Nyuzi hakuziondoa, aliniomba ruhusa, akaniambia zibaki. Lakini chumba kile, ambacho kilikuwa kinazungumza na mimi peke yangu, kilianza kuzungumza na kila mtu mbele yangu kwa lugha nisiyoijua. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu. Jioni moja, tukiwa wawili, alisema kwamba kama ningependa, tungeweza kutumia nusu saa kila siku, naye angenifundisha kusoma, na mimi nimfundishe kusikia mtambo. Alilisema kwa unyenyekevu. Nilimwambia kwamba watoto wanaofundishwa kusoma wako shuleni. Kabula amesimamisha kalamu hapa. Andika, mwanangu. Ni kweli nilisema hivyo, na ndiyo sababu wewe umekaa hapo unaniandikia.

Mwezi wa sita mvua zilikuwa zimekatika, nikaanza kubeba ndoo. Jioni ya tatu au ya nne nilimkuta Kamugisha nje ya chumba cha mtambo na watangazaji wawili aliokuwa amewapeleka kuona mnara. Nilipita katikati yao, nikainamisha ndoo kwenye ufa wa majabali. Mmoja wa wale watangazaji, mtu wa maneno mengi, aliuliza tunategemea kuvuna nini. Kamugisha, ambaye hakuwa na ubaya wowote moyoni, alisema huku akitabasamu, "Mwacheni Bwana Shamba wetu, mawe yake yanakaribia kuchanua." Walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Kesho yake jina lilikuwa limekwisha kushuka kilimani. Mama Wande aliniuliza kama nataka mbolea kwenye chai. Mtangazaji wa asubuhi aliwatakia kazi njema wakulima wote, na mabwana shamba waliojificha mjini, na studio nzima ikajua anamsema nani.

Siku mbili baadaye Kamugisha alinifuata nikiwa peke yangu. Aliomba radhi kwa utani, akasema umekwenda mbali kuliko alivyokusudia. Kisha akaniuliza, akinitazama sawasawa: "Kaka Masanja, yale maji ni ya nini hasa?" Nimeishi na swali hilo kwa miaka karibu thelathini. Jibu lake lilihitaji pumzi moja. Nilimwona jinsi alivyosimama, na zile kalamu mbili, na jinsi alivyokuwa tayari kujifunza kwangu na kufurahi, na nikaona kwamba nikimwambia, hata hilo litaingia katika faili lake kwa mwandiko wake, na litakuwa lake. Nilimjibu, "Ni mazoea tu."

"Kama ni mazoea," alisema, "basi pumzika. Kilima hiki kitakumaliza miguu."

Nikapumzika. Sitaki mtu afikiri kwamba nilisahau. Kila nilipopanda kule niliutazama ule ufa. Mwezi wa saba udongo ulifanya ukoko. Mwezi wa nane ulipasuka, na chumvi ikatoka juu kama ukurutu mweupe. Siku moja roho ilinisuta, nikajaza ndoo, nikapanda nayo. Nilipofika mlangoni nilimsikia ndani akiwaelekeza vijana wake, nao wakimjibu kwa furaha, "Ndiyo, mkuu." Nilikaa juu ya jiwe, nikanawa miguu kwa maji yale hadi yakaisha, nikashuka. Nilijiambia kwamba akiwa msomi atapima tena. Nilijiambia kwamba pengine mvua za kwanza zitakuja bila radi, ingawa mtu yeyote aliyekua kando ya ziwa hili anajua kwamba mvua za kwanza ndizo zenye radi kali. Yeye hakupima tena. Mitambo ya televisheni ilikuwa imefika katika makasha, naye alikula amesimama na kulala akiwa ameketi. Bwana Saleh alikuwa amekwisha kuwaalika wakubwa wa mkoa waje kuona picha ya kwanza.

Mvua ilikuja mchana mmoja wa mwezi wa kumi, siku nne kabla ya wageni. Nilikuwa ofisini mjini. Wingu lilitoka ziwani upande wa Ukerewe, jeusi, likiwa na kishindo chake, na kabla tone halijaanguka sokoni radi ilipiga upande wa Butimba. Redio iliyokuwa mezani kwa Consolata, karani wetu, ilikata katikati ya neno, ikabaki na mvumo. Consolata aligonga redio ile kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama. Nilijua mahali ilipopita kama mtu anayejua njia ya kwake.

Nilimkuta Kamugisha amelazwa nje ya chumba, vijana wake wamemvua shati. Alikuwa ameshika mlango wa chuma wa kabati la mtambo mpya wakati radi ilipokosa pa kuzama na kurudi kupitia mitambo. Kiganja cha mkono wa kulia kilikuwa kimeungua hadi kwenye kifundo. Ndani mlikuwa na harufu ya plastiki na moshi, na zile lebo zake zilikuwa zimejikunja ukutani. Tulimpeleka hospitalini kwa gari la samaki la Bwana Saleh. Njiani aliniuliza mara mbili kama kuna mtu mwingine aliyeumia, na mara mbili nikamjibu hapana.

Mtambo wa redio niliufufua kwa siku sita, nikila na kulala kulekule. Wa televisheni ulikuwa majivu. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijagusa kitu, nilibeba maji. Nilibeba ndoo kumi na mbili, nikalinywesha shimo hadi likakataa. Vijana walidhani nimechanganyikiwa kwa majonzi.

Wiki ya tatu Kamugisha alitoka hospitalini, na Bwana Saleh akaitisha kikao katika ofisi yake. Tulikuwa watu wanne: yeye, Kamugisha, mimi, na Consolata aliyeandika. Bwana Saleh alikuwa ametulia, na hilo lilitisha zaidi. Aliweka faili mezani, akamwonyesha Kamugisha namba na sahihi, akauliza ilikuwaje waya ulioandikwa kuwa salama ukaunguza mtambo. Nilikaa nimekunja mikono. Nilikuwa nimeamua kwamba akinitaja nitasema ukweli, na asiponitaja nitanyamaza. Nilimwachia yeye uamuzi uliokuwa wangu. Alijibu, "Aliyepima ni mimi, na aliyesaini ni mimi. Nilipima mara moja, wakati wa mvua. Haikutosha." Bwana Saleh aliuliza kama kuna mwingine mwenye la kusema, akanigeukia. Nilisema sina. Siku ileile Kamugisha aliachishwa kazi.

Nilimsindikiza bandarini, kwa kuwa hakuweza kubeba sanduku. Watu walikuwa wamejaa na mikungu na magodoro, na meli ya Bukoba ilikuwa inapakia. Alipopata nafasi ya kuketi juu ya sanduku lake, alizungumza bila kunitazama. Alisema kwamba asubuhi ya kikao alipanda kilimani na kipimo chake, akakishika kwa mkono wa kushoto. Alipima lile shimo nililolinywesha, akaona liko vizuri sana. Kisha alichukua chumvi na udongo mkavu wa pembeni, akaupima mkavu, akaumwagia maji, akaupima tena.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mbele ya Bwana Saleh.

"Ningesema nini, kaka? Nilikuuliza mara moja, ukanijibu, nikafurahi kwamba sina kazi ya ziada. Mtu anayebeba ndoo mbili kila jioni kupanda kilima kile hafanyi mazoea. Nilipaswa kuuliza mara ya pili."

Aliniaga kwa mkono wa kushoto. Ningependa kusema kwamba nilitoka pale nimetubu. Nilitoka nikimwonea wivu kuliko siku zote. Cheti chake kingeweza kuelezwa kwamba kilinunuliwa na karo ya baba yake, na kalamu zake kwamba ni mapambo. Lakini lile alilolifanya katika kikao halikuhitaji shule. Lilikuwa wazi kwangu kama kwake, tulikuwa tumeketi katika chumba kimoja, na yeye ndiye aliyelifanya.

Asubuhi iliyofuata Bwana Saleh aliniita, akanipa mkono, akasema amekosea kuangalia vyeti na kwamba leseni atajua mwenyewe ataitafutaje. Barua yangu ya kuwa Mkurugenzi wa Ufundi wa redio na televisheni ilikuwa mezani kwa Consolata. Kwa kuwa sikuweza kuisoma, Consolata alinisomea polepole, kwa sauti ya kazi. Ilisema ninateuliwa kuanzia siku ile. Ilitaja majukumu yangu. Katika aya ya tatu ilisema kwamba nafasi imeachwa wazi kutokana na uzembe wa aliyenitangulia, uliosababisha hasara na kuhatarisha maisha, na kwamba mimi, kwa kuikubali barua, nathibitisha kuwa maelezo hayo ni sahihi. Hilo la mwisho walikuwa wameliweka kwa ajili ya watu wa bima.

Consolata alifungua kibweta cha wino, akakisogeza upande wangu. Alikuwa mwanamke mwangalifu, aliyeniandikia mambo mengi kabla ya siku ile, na alijua kwamba asiyesoma husomewa mambo haraka. Aliniuliza kama nimeielewa yote. Nikamwambia nimeielewa yote. Akauliza kama kuna neno ningependa lirekebishwe kabla sijaweka dole, kwa sababu karatasi nyingine ziko na mashine yake iko tayari.

Nilimwambia hakuna.